Sura ya Sita: Kupigwa Kalamu na Haki ya Kukata Rufaa

Mwishoni mwa mwaka 2014 kiwanda cha betri cha Eveready mjini Nakuru kilizima mashine zake. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1967, na kwa miaka mingi betri zake ndizo zilizowasha redio na tochi katika maboma ya Bonde la Ufa. Usimamizi ulieleza kwamba betri za bei rahisi kutoka nje zilikuwa zimeteka soko, na kwamba kampuni ingeendelea kuuza bidhaa zilizotengenezwa kwingine. Wafanyakazi wapatao 100 wakapigwa kalamu.

Mwaka huohuo, kando ya Ziwa Naivasha, shamba la maua la Karuturi liliwekwa chini ya mrasimu kwa sababu ya deni la benki. Kampuni ya Karuturi Global ya India ilikuwa imelinunua shamba hilo mwaka 2007 likiwa na wafanyakazi maelfu, hospitali, shule, na baadaye hata timu ya kandanda iliyofika Ligi Kuu ya Kenya. Migomo ya kudai mishahara iliyocheleweshwa ikawa habari za kawaida. Kisha ukaja Machi 2020. Masoko ya maua ya Ulaya yalipofungwa kwa sababu ya Korona, waridi zilizokuwa tayari kusafirishwa zilitupwa, na maelfu ya watu katika mitaa ya Karagita, Kihoto, Kamere na Kwa Muhia wakaambiwa wasirudi kazini mpaka waitwe.

Katika matukio haya matatu, waliopoteza kazi walibaki na maswali yaleyale. Nitalipwa nini? Nitalipwa na nani? Nikinyimwa, niende wapi? Sura hii inajibu maswali hayo kwa mujibu wa sheria ya Kenya. Ninaiandika kwa sababu nimeamini jambo moja: wafanyakazi wengi wa Nakuru, Naivasha, Gilgil na Molo hawashindwi na sheria. Wanashindwa kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba jibu la kwanza la mwajiri au la serikali linaweza kupingwa, na kwamba kila njia ya kulipinga ina tarehe ya mwisho.

Mahali penye mfuko

Marekani ilianzisha bima ya kukosa kazi mwaka 1935, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Kila jimbo lina mfuko wake, na katika majimbo mengi aliyeachishwa kazi hulipwa kila wiki kwa muda wa hadi wiki 26. Sheria ya mwaka 1970 iliongeza malipo ya ziada kwa wakati ambapo ukosefu wa kazi umepanda kupita kiasi, ili familia isikatiwe msaada katika kipindi ambacho hakuna kazi ya kupata. Mwaka 2020, wakati wa Korona, bunge la nchi hiyo liliongeza wiki nyingine 13, na kwa miezi kadhaa likaongeza dola 600 kwa wiki.

Watu hukataliwa huko pia. Afisa anaweza kusema hukutafuta kazi kwa bidii, au uliacha kazi kwa hiari yako, au ulifutwa kwa utovu wa nidhamu. Lakini sheria ile ya 1935 iliweka sharti ambalo kwangu lina uzito kuliko kiwango cha pesa: jimbo halipati fedha za serikali kuu za kuendesha mfuko wake bila kumpa kila aliyekataliwa nafasi ya kusikilizwa kwa haki mbele ya baraza lisiloegemea upande wowote. Waliotunga sheria hiyo walijua kwamba afisa anayeamua mamia ya maombi lazima atakosea baadhi, na kwamba kosa lake linaweza kumfanya mtu akose kodi ya nyumba.

Majirani zetu wa Tanzania nao wamepiga hatua. Tangu mageuzi ya mifuko yao ya hifadhi ya jamii ya mwaka 2018 wana fao la kukosa ajira. Mwanachama aliyechangia kwa angalau miezi 18, na ambaye hakujiuzulu mwenyewe, anaweza kulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa muda usiozidi miezi sita. Kiasi si kikubwa na muda si mrefu, lakini mfanyakazi anajua kuna dirisha la kwenda.

Kenya haina dirisha hilo. Michango ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, inayokatwa kila mwezi ni akiba ya uzeeni, ya ulemavu au ya warithi. Mtu wa miaka 35 aliyefutwa kazi hawezi kuidai kwa sababu tu hana mshahara. Kilichopo kwetu ni mzigo ambao sheria imemtwika mwajiri wakati wa kuachana na mfanyakazi. Kwa hiyo kwa Mkenya, malipo ya mwisho kutoka kwa mwajiri ndiyo msaada wake wa kukosa kazi. Yakipunjwa au yakinyimwa, hakuna mfuko mwingine wa kumkamata asianguke.

Kinachodaiwa kazi inapoisha

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, inahusu kupunguzwa kazi: yaani kazi imekwisha kwa sababu za biashara, bila kosa la mfanyakazi. Mwajiri hawezi kuamka asubuhi na kusoma majina getini. Kama mfanyakazi ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, chama na afisa wa leba wa eneo lazima wapewe notisi ya angalau mwezi mmoja, ikieleza sababu za upunguzaji na ukubwa wake. Asiye mwanachama huandikiwa yeye mwenyewe, na afisa wa leba pia. Wanaoondoka lazima wachaguliwe kwa kuangalia muda waliotumikia, ujuzi, uwezo na kutegemeka kwao. Supavaiza hana ruhusa ya kuchuja watu kwa ukabila, kwa chuki au kwa sababu mama fulani ni mjamzito.

Kisha yanafuata malipo. Siku za likizo zilizobaki hulipwa kwa pesa taslimu. Mfanyakazi hupewa notisi ya angalau mwezi mmoja, au mshahara wa mwezi huo badala ya notisi. Juu ya hayo kuna fidia ya kupunguzwa kazi: mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka kamili wa utumishi.

Tufanye hesabu. Mama anayepanga maua katika gredingi kwa mshahara wa shilingi 15,000 kwa mwezi, na ambaye ametumikia miaka 9 kamili, anastahili fidia ya nusu mwezi mara 9, yaani shilingi 67,500. Ongeza mwezi mmoja wa notisi, 15,000, na jumla inafika 82,500 kabla ya kuhesabu likizo na siku alizofanya kazi bila kulipwa. Hicho ni kiwango cha chini cha sheria. Mkataba wa pamoja kati ya chama na waajiri unaweza kutoa zaidi, na pale unapotoa zaidi, huo ndio unaofuatwa. Kwa familia inayopanga chumba kimoja Karagita, pesa hizo zinaweza kulipa kodi na karo hadi kazi nyingine ipatikane. Akipewa 20,000 na kuambiwa "hiyo ndiyo yako", ameondoka bila sehemu kubwa ya haki yake.

Kuna mambo mawili yanayowafungia watu nje ya malipo haya. La kwanza ni barua ya kujiuzulu. Mfanyakazi huitwa afisini na kushauriwa aandike kwamba anaondoka kwa hiari, "ili upate pesa zako haraka". Anayejiuzulu hajapunguzwa kazi, na fidia ya kifungu cha 40 humponyoka. Mahakama zimekubali kwamba mtu aliyesukumwa mpaka akajiuzulu amefutwa kwa mlango wa nyuma, lakini yeye ndiye atakayebeba kazi ngumu ya kuthibitisha hivyo. La pili ni mkataba wa msimu. Mkataba ulioandikwa tarehe ya mwisho huisha tarehe hiyo, na kumalizika kwake si kupunguzwa kazi. Wanaoitwa vibarua mwaka baada ya mwaka wana kinga tofauti. Kifungu cha 37 kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, au anayefanya kazi ambayo haiwezi kumalizika ndani ya miezi mitatu, anaweza kuhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mkataba, na kupata haki zake.

Mwajiri anapokataa

Hatua ya kwanza ni kudai kwa maandishi. Barua fupi inatosha: tarehe ya kuajiriwa, tarehe ya kuachishwa, mshahara, na kinachodaiwa. Ibaki nakala yenye mhuri wa kupokelewa, au ujumbe wa simu unaoonyesha tarehe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika kesi za kazi usemi huo una nguvu ya ushahidi. Karatasi za mshahara, kadi ya kazi, taarifa za M-Pesa au benki na michango ya NSSF vyote huonyesha uliajiriwa lini na kwa kiasi gani. Sheria yenyewe humsaidia mfanyakazi hapa. Mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kuandika na kuhifadhi masharti ya kazi, na akishindwa kuyaleta mahakamani, ni juu yake kukanusha maelezo ya mfanyakazi.

Hatua ya pili ni afisi ya leba. Aliyefutwa bila haki anaweza kupeleka malalamiko kwa afisa wa leba ndani ya miezi mitatu tangu siku ya kufutwa. Afisa humwita mwajiri, husikiliza pande zote mbili na kupendekeza suluhisho. Kwa wanachama, chama hufanya kazi hiyo hiyo kwa nguvu zaidi. Chama cha wafanyakazi wa mashamba na kilimo, KPAWU, chenye makao makuu Nakuru, ndicho kinachowakilisha wengi wa mashamba ya maua na ya chai, na mwakilishi wake shambani ndiye mtu wa kwanza wa kutafutwa.

Hatua ya tatu ni mahakama. Katiba ya mwaka 2010 iliagiza kuundwa kwa mahakama maalumu yenye hadhi ya Mahakama Kuu kwa ajili ya ajira na mahusiano ya kazi, ambayo watu huiita mahakama ya leba, na inasikiliza kesi Nakuru. Mwaka 2018 Jaji Mkuu aliwaruhusu mahakimu kusikiliza madai ya wafanyakazi ambao mshahara wao hauzidi shilingi 80,000 kwa mwezi. Kwa hiyo mfanyakazi wa Naivasha halazimiki kuanzia mbali na gharama kubwa. Katika mahakama ya leba mtu anaweza kujitetea mwenyewe, kuwakilishwa na wakili, au kuwakilishwa na afisa wa chama chake. Asiye na uwezo anaweza kuomba usaidizi wa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na sheria ya mwaka 2016. Mahakama ikiona mtu alifutwa bila haki, inaweza kuamuru alipwe fidia inayofika mshahara wa miezi 12, mbali na stahiki zake za kawaida.

Hukumu ya hakimu nayo si mwisho. Aliyeshindwa ana siku 30 za kukata rufaa katika mahakama ya leba. Kutoka hapo kuna Mahakama ya Rufaa, na notisi ya kukusudia kwenda huko hutolewa ndani ya siku 14 tangu hukumu.

Tarehe ambayo imewaumiza wengi kuliko zote ni ya miaka mitatu. Madai yanayotokana na mkataba wa ajira lazima yafikishwe mahakamani ndani ya miaka mitatu tangu haki ilipovunjwa. Mahakama zimesema mara kwa mara kwamba mazungumzo na mwajiri hayasimamishi hesabu hiyo. Mfanyakazi anayeambiwa "njoo mwezi ujao" mpaka mwaka wa nne huja mahakamani na dai la kweli ambalo jaji hana uwezo wa kulisikiliza. Mazungumzo ni mema, lakini yaende pamoja na kalenda.

Hukumu mbili zinafaa kukumbukwa na kila mfanyakazi. Mwaka 2014, katika kesi kati ya Kenya Airways na chama cha wafanyakazi wa usafiri wa ndege, Mahakama ya Rufaa ilikichambua kifungu cha 40. Jaji David Maraga, ambaye baadaye alikuwa Jaji Mkuu, alieleza kwamba notisi kwa chama na kwa afisa wa leba imewekwa ili pande zote zishauriane, watafute njia ya kuepuka upunguzaji au kupunguza makali yake. Maana yake ni kwamba notisi inayotolewa wakati majina yamekwisha kuamuliwa haikidhi lengo la sheria. Hukumu ya pili, ya mwaka 2018, ilihusu kampuni ya Coastal Bottlers. Mfanyakazi alikuwa ametia saini makubaliano ya malipo ya mwisho, kisha akashtaki. Mahakama ya Rufaa ilisema makubaliano aliyoyatia saini kwa hiari yanamfunga. Ukipewa fomu inayosema huna dai lingine lolote, omba muda, ipeleke nyumbani, mwonyeshe mwakilishi wa chama au afisa wa leba, ndipo uamue.

Kampuni inapofilisika

Kifungu cha 40 hakitumiki pale kampuni inapofilisika. Hapo ndipo wafanyakazi wa mashamba yaliyofungwa na benki hupotea njia, kwa sababu huambiwa kampuni haina pesa na kila mtu aondoke. Lakini sheria imewawekea mambo mawili.

La kwanza ni foleni ya wadai. Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 inaweka mishahara ya miezi minne ya mwisho miongoni mwa madeni ya kutangulizwa, hadi shilingi 200,000 kwa mfanyakazi mmoja. Ili kuingia kwenye foleni hiyo, mfanyakazi lazima awasilishe dai lake kwa msimamizi wa mali ya kampuni, kwa maandishi na kwa hesabu. Madai yakikusanywa pamoja kupitia chama huwa na uzito, na si rahisi kuyasahau.

La pili halijulikani na wengi, nami naliona kuwa kitu kilicho karibu zaidi na malipo ya kukosa kazi katika sheria zetu. Sehemu ya Nane ya Sheria ya Ajira, kuanzia kifungu cha 66, inasema mfanyakazi ambaye mwajiri wake amefilisika na ajira yake imekatizwa anaweza kumwandikia waziri wa leba kuomba alipwe madeni ya mshahara na stahiki kadhaa kutoka NSSF, kwa viwango vilivyowekwa. Waziri akishalipa, anachukua nafasi ya mfanyakazi katika kuidai kampuni. Na sheria haikuishia kwenye ombi. Mtu ambaye waziri amemkataa, au amemlipa pungufu ya anachostahili, anaweza kulalamika katika mahakama ya leba ndani ya miezi mitatu tangu kuarifiwa uamuzi huo.

Kila anayekataliwa na afisi ya umma ana silaha nyingine. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa mtu aliyeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Jibu la mdomo kaunta, "ombi lako halikupita", halitoshi. Omba sababu zilizoandikwa, zenye tarehe na saini, kwa maana rufaa hujengwa juu ya sababu zilizotolewa. Mtu asiyejua kwa nini amekataliwa hawezi kuonyesha mahali palipokosewa.

Ahadi ya mwaka 2007

Ndani ya kifungu kilekile cha 40, katika fungu lake la tatu, kuna maneno ambayo yangeweza kubadilisha maisha ya Bonde la Ufa. Yanampa waziri uwezo wa kutunga kanuni za kuwalazimu waajiri wenye idadi fulani ya wafanyakazi wawakatie bima ya kupunguzwa kazi, kupitia mpango wa taifa au kampuni ya bima iliyoidhinishwa. Bunge lilipitisha maneno hayo mwaka 2007. Miaka mitatu baadaye Katiba ikasema, katika kifungu cha 43, kwamba kila mtu ana haki ya hifadhi ya jamii, na kwamba serikali itawapa hifadhi inayofaa wale wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Tangu wakati huo Eveready imefunga kiwanda, Karuturi imeanguka, Korona imewafukuza wachuma maua, na mashine za kuchuma chai zimezusha ghasia Kericho na Bomet. Mfuko wa bima bado haupo.

Wapo wanaosema waajiri hawawezi kubeba mchango mwingine. Hofu hiyo ina msingi, kwa sababu mishahara tayari imelemewa na makato. Lakini fidia ya kupunguzwa kazi ni deni ambalo mwajiri analo hata sasa, na humjia lote kwa mkupuo katika siku ambayo hana uwezo wa kulilipa. Bima huligawa deni hilo katika miaka ya faida. Pia humwondoa mfanyakazi kwenye foleni ya kugombania mali na benki. Mashamba na viwanda vya Nakuru vina orodha za wafanyakazi, vina makato ya kila mwezi na vina vyama. Vinafaa kuwa mahali pa kuanzia.

Bima hiyo ikitungwa, haki ya rufaa iandikwe ndani yake tangu siku ya kwanza. Anayekataliwa aandikiwe sababu kwa Kiswahili anachokielewa. Barua hiyohiyo imwambie ana siku ngapi za kupinga na apeleke wapi. Anayesikiliza rufaa asiwe aliyekataa ombi. Kikao kiwe Naivasha, Molo au Kericho, watu wasilazimike kulipa nauli ya Nairobi kwa pesa wasizokuwa nazo. Na mtu anayeshinda alipwe tangu siku aliyostahili, isiwe tangu siku ya uamuzi, kwa sababu kodi ya nyumba haikungoja.

Mpaka kanuni hizo zitungwe, mfanyakazi aliyepigwa kalamu ana miezi mitatu ya kufika kwa afisa wa leba na miaka mitatu ya kufika mahakamani. Azihesabu kuanzia siku aliyopewa barua. Nasi wengine tuna kazi ya kumuuliza kila mbunge wa Nakuru, Kericho, Bomet na Baringo, na kila waziri wa leba anayeapishwa, atatia saini lini kanuni ambazo sheria imemruhusu kuzitunga tangu mwaka 2007.